Siumwi, nikapimwe nini?

Kikoba chetu hukutana Jumamosi saa kumi jioni, uani kwa mweka hazina. Hisa zikishahesabiwa na sanduku likafungwa kufuli zake tatu, ndipo mazungumzo yenyewe huanza. Jumamosi moja, bila kupanga, nilijikuta nasema kwamba nilishawahi kupima saratani ya mlango wa kizazi, nikakutwa na mabadiliko ya awali na nikatibiwa. Uwanja mzima ukanyamaza. Hata aliyekuwa anamenya chungwa aliacha kisu kwenye ganda.

Tangu siku hiyo mimi ndiye "daktari" wa kikoba. Udaktari sijasomea, kazi yangu ni kushona sare za shule. Lakini nimeulizwa yaleyale mara nyingi, pembeni, kwa sauti ya chini, mpaka nimeona bora niyaandike.

Swali linalotangulia mengine yote si swali hasa. Ni jibu: "Mimi siumwi bwana, nikapimwe nini?" Siwezi kulicheka, maana lilikuwa langu. Mwaka 2021 nilimsindikiza wifi yangu kituo cha afya. Yeye ndiye aliyekwenda kupima, mimi nilikwenda kubeba mkoba. Nimekaa kwenye benchi, muuguzi mmoja mtu mzima akatoka, akanitazama juu ya miwani.

"Na wewe mama, una miaka mingapi?"

"Thelathini na tisa. Lakini mimi siumwi."

"Wanaoumwa tunawapa rufaa," akasema. "Hapa tunapima wasioumwa. Ingia."

Sijawahi kusikia mtu akilieleza jambo hili kwa maneno machache kuliko hayo. Saratani ya mlango wa kizazi karibu yote inaletwa na kirusi kinachoitwa HPV, na haiji ghafla. Tangu kirusi kikae mwilini mpaka saratani yenyewe, kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, hupita miaka 15 hadi 20. Mwenye VVU asiyetumia dawa, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10 tu. Miaka yote hiyo huoni kitu. Hakuna maumivu, hakuna damu, hedhi inakuja na kwenda kama kawaida. Ndiyo miaka ambayo tatizo likionekana linatibika kwa dakika chache, ukarudi nyumbani kupika.

Ukianza kutoka damu baada ya tendo la ndoa, au umeshakoma hedhi halafu damu inarudi, au uchafu wenye harufu kali usioisha, hapo usisubiri siku ya kampeni ya kupima. Nenda hospitali, sema hivyohivyo bila kuzunguka. Si lazima iwe saratani, lakini hizo si dalili za kukaa nazo huku unakunywa mwarobaini.

Sasa kitanda, maana najua ndicho kinachoogopwa. Ningekuwa mkweli nusu nikisema ujinga ulinichelewesha. Aibu ilichangia zaidi. Miaka kadhaa kabla, kwenye kituo kingine, mhudumu alisimama koridoni akapaza sauti: "Wale wa kupima saratani ya chini, foleni huku!" Koridoni wamo wanaume, wamo watoto, yumo jirani yangu amekuja na mguu. Niligeuka nikaondoka kama niliyesahau kitu nyumbani. Nililoacha kufanya siku ile ni kutafuta kituo kingine. Nikakaa miaka, kana kwamba nilikuwa namkomoa yule mhudumu.

Chumba cha yule muuguzi kilikuwa na pazia la kijani na taa moja ya shingo ndefu. Nikavua nguo za chini, nikajifunika khanga yangu. Nendeni na khanga, jamani, zile shuka za kule zimepita kwa wengi. Ukilala, magoti unayakunja na kuyaachanisha. Chombo anachoingiza kinaitwa spekulamu, kina midomo miwili kama ya bata, kazi yake ni kufungua njia ili mlango wa kizazi uonekane. Cha chuma ni cha baridi. Hakiumi ukilegeza makalio, ukijikaza, unakisikia. Mimi nilijikaza, akaniambia nikohoe kidogo, nikakohoa, kikapita.

Kisha nikasikia harufu ya achari. Ni siki kweli, ya asilimia 3 hadi 5, anapaka kwa pamba. Anasubiri dakika moja, anaangalia kwa macho yake. Sehemu yenye seli zilizobadilika hugeuka nyeupe. Basi, hicho ndicho kipimo cha siki, hakuna sindano wala kukatwa. Wifi yangu alitoka mle anatabasamu, kwake ilikuwa safi.

Kwangu muuguzi alikaa kimya zaidi ya dakika moja.

"Kuna weupe," akasema. Na mimi, mbele ya taa ile, miguu juu, nikaanza kugawa mali. Cherehani ya umeme kwa binti yangu wa kwanza, ile ya miguu kwa mdogo wangu. Yule mama akaona uso, akanipiga kofi dogo gotini. "Nimesema weupe, sijasema saratani." Akanieleza kwamba ni mabadiliko ya awali, ambayo mengine hata yasingefika kuwa saratani, ila hakuna wa kubashiri yapi yatafika, kwa hiyo yanatibiwa yote. Alinitibu palepale kwa tiba ya joto, kifaa chenye ncha inayopata joto la nyuzi 100, kinawekwa pale penye weupe kwa sekunde 20 hadi 30. Vituo vingine vina tiba mgando, inayotumia ubaridi badala ya joto. Nilisikia mkazo kama wa siku ya kwanza ya hedhi, halafu ukakata. Wiki tatu baadaye bado nilikuwa natokwa na majimaji. Nilikuwa nimeambiwa nitegemee hivyo, nivae pedi, na nisishiriki tendo la ndoa kwa mwezi mmoja. Baada ya mwaka nikarudi kuangaliwa tena. Safi. Hiyo ya kurudi baada ya mwaka wengi wanairuka kwa kuwa wanajisikia wazima, na mimi nilikaribia kuiruka kwa sababu hiyohiyo.

Watu wanachanganya vipimo, na si kosa lao. Siki inaangalia mabadiliko kwa macho. Kile cha Pap kinachukua seli, zinapelekwa maabara kuangaliwa kwa darubini. Kipimo cha HPV chenyewe hakitafuti mabadiliko, kinatafuta kirusi, kwa hiyo kinakuonya mapema zaidi kuliko macho ya mtu yeyote. Ndicho ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza tangu 2021: kuanzia miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10, mwenye VVU aanze na miaka 25, kila baada ya miaka 3 hadi 5. Na uzuri wake, sampuli unaweza kuichukua mwenyewe kwa kijiti chenye pamba au kiburashi, nyuma ya pazia, bila mtu kukuangalia. Ukisikia kipo karibu nawe, kichague. Kama hakipo, usikae unakisubiri, siki ni siki na mimi iliniokoa. Ila kwa aliyekoma hedhi siki mara nyingi haifai, kwa kuwa sehemu inayotakiwa kuangaliwa huwa imerudi ndani. Huyo aulizie kipimo cha HPV au Pap. Na usiende ukiwa kwenye siku zako, wala usijisafishe kwa ndani kwa sabuni na ndimu ukidhani unamheshimu muuguzi.

Sasa nifike kwenye lile linalovunja nyumba za watu.

Mwenzetu mmoja, ambaye sitamtaja hata kwa kiti anachokalia, alipima HPV akaambiwa ni chanya. Hakunijia kuuliza kama atakufa. Alinijia na daftari. Ameolewa miaka 17, na kwenye lile daftari alikuwa ameanza kuorodhesha safari za mume wake: Arusha mara mbili, Dodoma mwezi mzima, msiba wa Handeni uliochukua siku nane badala ya tatu. Anataka nimwambie ni ipi.

Hakuna daktari wala maabara inayoweza kumwambia ni ipi. Kirusi hiki kimeenea mno, karibu kila aliyewahi kushiriki ngono hukipata wakati fulani wa maisha yake, wanaume kwa wanawake. Kinaambukizwa kwa ngozi kugusana, ndiyo maana kondomu inapunguza lakini haizuii chote. Kinaweza kulala mwilini miaka mingi bila kuonekana, kikaja kuonekana kinga ikishuka. Kwa hiyo alichokutwa nacho leo huenda mume alikuja nacho kabla hawajaoana, huenda alikuja nacho yeye mwenyewe, na huenda kweli ni Handeni. Jibu la kipimo halina tarehe. Na usimburute mume akapimwe, kipimo cha kawaida cha HPV kwa wanaume hakipo.

Nikamwambia na la pili, ambalo naona ndilo lililomfanya afunge daftari. Kuwa na kirusi si kuwa na saratani. Wanawake wengi wanaokutwa nacho mwili unakiondoa wenyewe ndani ya miaka miwili, bila dawa, na dawa ya kukiua chenyewe haipo kwa hiyo asikubali kuuziwa. Hatari ni kile kinachokataa kuondoka, na ndicho kinachofuatiliwa. Yeye aliitwa tena, wakaangalia mlango wa kizazi, hapakuwa na kitu, wakampa tarehe ya kurudia. Kwa mume alisema hivi: "Nimekutwa na kirusi ambacho karibu kila mtu anakipata, nafuatiliwa nisije nikapata saratani." Mume akauliza nauli ya kurudi kliniki ni kiasi gani. Najua si kila mume angejibu hivyo. Kwa wa namna nyingine, mweleze ukiwa na muuguzi, au usubiri mpaka umepata majibu kamili ya kumpa.

Chanjo nayo ilileta kesi yake, safari hii nyumbani kwangu. Tanzania ilianza kuchanja nchi nzima mwaka 2018, wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Mwaka 2024 ikawa dozi moja, kwa wa miaka 9 hadi 14. Binti yangu wa mwisho alikuwa na miaka 11. Taarifa ya shule ilifika asubuhi, mchana mama mkwe akawa ameshapata yake: inafunga kizazi.

Sikumbishia kwa sauti, mama mkwe habishiwi. Nilimpa chai, nikamwambia mama, ndani ya ile sindano hakuna kirusi, mna ganda lake tu, na kizazi hakiguswi. Mwili unalisoma ganda ili siku mwenyewe akija umtambue mlangoni. Nikamwambia pia kwamba hiyo ya dozi moja hatukuletewa tu kutoka huko. Wasichana 930 wa Mwanza walifuatiliwa kwa ajili hiyo, na Kenya walifanya utafiti wao kwa wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, dozi moja ikazuia aina mbili mbaya zaidi, ya 16 na ya 18, kwa zaidi ya asilimia 97 katika mwaka mmoja na nusu. Hizo aina mbili ndizo zinazoleta kama asilimia 70 ya saratani hii. Tarakimu hazikumgusa. Kilichomgusa ni pale nilipomkumbusha dada yake, aliyetutoka kwa damu isiyokatika na sote tukaita "mambo ya utu uzima". Akanyamaza. Jioni akauliza kama mtoto anatakiwa ale kwanza kabla ya sindano. Ndiyo, ale, na akishachomwa akae chini kama dakika kumi na tano, maana wasichana wengine huzimia kwa woga. Mkono wake uliuma siku mbili.

"Kwa nini miaka tisa, mnawafundisha nini watoto?" Hawafundishwi kitu. Chanjo inafanya kazi vizuri ikimkuta mtu kabla hajakutana na kirusi. Kwa sababu hiyohiyo mimi wa miaka yangu haitanisaidia sana, na haitibu kilichokwisha kuingia. Yangu ni kupima. Na binti yangu akifika miaka 30 atapima pia, kwa kuwa chanjo haizuii aina zote.

Baada ya haya tulikubaliana nauli itoke kwenye mfuko wa jamii wa kikoba. Tumeenda kumi na wanne kwa mafungu, watatu watatu kwenye bajaji. Wawili walikutwa na weupe, wakatibiwa, mmoja wao akalalamika zaidi kuhusu baridi ya kile chuma kuliko kuhusu tiba yenyewe.

Mweka hazina bado. Wiki tatu zilizopita alikuwa na msiba Korogwe, iliyofuata alikuwa kwenye siku zake, juzi kaniambia haumwi. Nimemwambia Jumanne nitakuwa mlangoni kwake saa moja na nusu, na mkoba nitambebea mimi.