Jibu: Lonisera ya kuliwa ukutani, Mikindani

Dada, nimekuelewa: unataka lonisera (mmea wa maua, kwa Kiingereza honeysuckle) itambae ukutani, inukie, na watoto wale matunda. Hapo umechanganya mimea miwili. Yenye matunda ya buluu yanayoliwa ni kichaka kisichotambaa, asili yake nchi za baridi kali kama Urusi. Kwa joto letu la pwani, usipoteze hela.

Inayotambaa, yenye maua meupe yanayogeuka manjano, inaweza kuota. Ila matunda yake meusi yana sumu. Mtoto akiyala, mwahishe hospitali na ubebe tawi lenye matunda walione.

Mimi ningepanda pasheni ya manjano. Ua lake lenyewe pambo tosha! Weka miche miwili au zaidi ya mbegu tofauti, kwani mmoja haujichavushi. Kazi hiyo ni ya wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao, kwa hiyo usiwapulizie dawa. Wasipoonekana, subiri mchana ua lifunguke, chukua chavua kwa kidole, paka kwenye ua la mche wa pili.

Mchanga wenu utie samadi iliyooza, upande mvua zikikolea. Majani yakitoka mabaka, waulize wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele, hapo Mtwara, kabla ya kununua dawa yoyote.