Kabla ya Kutega Sumu, Kagua Zizi

Usiku fisi walipomaliza mbuzi wangu watano, kesho yake nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono mkutanoni: tutege sumu kwenye mzoga, yaishe. Kwetu ni Chemba, mkoani Dodoma, si mbali na Pori la Akiba Swagaswaga, na fisi si mgeni. Aliyepinga ni mama mmoja asiye na hata kuku. "Mizoga mnayotupa korongoni huzolewa na nani?" Tukamcheka. Mzee mwingine akasema hao si fisi wa porini, ni wa mtu. Hapo mkutano ukaharibika, ikawa kusaka mchawi.

Sumu tukatega. Asubuhi: fisi mmoja, tumbusi sita, na mbwa wangu, povu mdomoni, miguu imekakamaa. Wiki haikuisha fisi wakarudi, na safari hii hapakuwa na wa kunibwekea.

Ndipo nikazunguka zizi kwa nyuma. Aibu tupu. Miiba imekauka na kulala hadi usawa wa goti, chini pana upenyo wa kupita ndama, na manyoya ya fisi yamenasa kwenye mwiba. Matawi niliyoongeza mwaka mzima? Hata moja.

Kwa hiyo, ndugu mfugaji, kabla ya kugombana na jirani, kagua kwako. Tawi la mgunga lilaze shina likiwa ndani na miiba ikitazama nje. Fisi akija hapati shina la kuvuta. Chini panga mawe, maana anachimba. Chui yeye huruka, kwa hiyo mbuzi wanataka banda lenye paa. Simba ni kesi nyingine: ng'ombe wakimsikia wanavunja zizi wenyewe kutoka ndani, kisha anawapata nje. Na uhesabu mifugo jioni. Mbuzi wengi "walioliwa zizini" walilala porini, tuambiane ukweli.

Ukipata hasara, mwite mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori siku hiyohiyo, nyayo na mzoga visiguswe. Ila usipige hesabu za bei ya mnadani: kifuta jasho, yaani pesa ya pole kutoka serikalini, si fidia, na hapo ndipo hasira za wafugaji zina haki.

Yule mama sasa ana mbuzi wawili. Juzi alikuja kuniomba miiba, nikamkatia mwenyewe. Akauliza kama bado nacheka.