Kahawa aliyegeuka chai ya maziwa: ushauri kwa anayetaka Havanese

Mwaka juzi mbwa wetu Kahawa, wa aina ya Havanese (vijibwa vya manyoya marefu), alipotea siku mbili, kumbe alikuwa nyumba ya nne kutoka kwetu.

Tunakaa Ilazo, hapa Dodoma. Ilikuwa jioni ya Agosti, upepo ule wa kufungia madirisha, mtu akaacha geti wazi na Kahawa akatoka. Mwanangu mkubwa akarusha tangazo kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, pamoja na picha anayoipenda kuliko zote: kijibwa cha kahawia iliyokolea, karibu nyeusi, kimekaa ndani ya beseni. Baada ya siku mbili mzee jirani akapita kuuliza kama tunamfahamu mwenye kijibwa cheupecheupe kilichoingia kwenye banda lake la kuku. Nikamwamkia, nikamuuliza kama hakuliona tangazo letu. "Nimeliona, mama. Ila nyie si mnatafuta mbwa mweusi?"

Sikuwa na la kumjibu. Ile picha ilipigwa Kahawa akiwa na wiki kumi. Siku aliyopotea alikuwa na mwaka mmoja na nusu, na rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa, tena ile ya kumpa mtoto.

Tangu hapo kila anayemwona ananiuliza atapata wapi wa rangi kama hii. Mimi huwaambia: tafuta mbwa mwenye afya njema, na rangi uipe nafasi ya mwisho, maana unayoonyeshwa leo huenda usiwe nayo mwakani. Hilo nimelijifunza kwa hela yangu.

Nilimnunua Dar es Salaam. Muuzaji alikuwa na watoto wanne wa mbwa, watatu weupe wenye mabaka meusi, na huyu. Akaniambia huyu ni "chokoleti", rangi adimu, kwa hiyo laki tatu juu ya bei ya wenzake. Nikalipa. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba ukweli ulikuwa pale pale mbele yangu, kwenye pua yake.

Havanese wa chokoleti wa kweli hana weusi popote mwilini. Kinasaba kinachomfanya kahawia hugeuza kila kilichopaswa kuwa cheusi: pua, midomo, kingo za macho, hata nyayo, vyote vinakuwa vya kahawia, na macho yenyewe hupauka kidogo. Mtoto hupata rangi hiyo akirithi kinasaba hicho kwa baba na kwa mama, wote wawili. Ndiyo maana mbwa wawili weusi wanaweza kuzaa wa chokoleti ikiwa kila mmoja amekibeba kimyakimya. Kahawa wangu pua ilikuwa nyeusi kama mkaa. Hakuwa chokoleti hata siku moja. Alikuwa na manyoya ya rangi ya mchanga yenye ncha nyeusi, na kwa kuwa akiwa mdogo manyoya ni mafupi, ncha ndizo zilizoonekana.

Manyoya ya Havanese mkubwa hufika sentimita 12 hadi 18. Yakirefuka, ule weusi wa utotoni unasukumwa mbali, unachanwa, unakatwa, na kinachoota chini ni rangi nyepesi. Kwetu mabadiliko yalianzia mgongoni, masikio yakabaki nyuma, na hadi leo ncha zake zina kivuli cheusi. Kwa hiyo ukienda kumwona mtoto, mpakate, gawa manyoya ya mgongoni kwa vidole kama unayetafuta njia ya kusuka, kisha tazama kwenye shina. Rangi ya shina ndiyo inayokuja. Na omba kuwaona wazazi, au walau picha zao wakiwa wakubwa.

Weusi nao wana mambo yao. Wapo wanaobaki weusi maisha yote, na wapo wenye kinasaba cha kupauka, wanaoishia kuwa rangi ya fedha. Ukiona manyoya mepesi yanachomoza usoni na miguuni mwa mtoto mweusi, jiandae kisaikolojia. Wenye mabaka ndio wanaotabirika zaidi: baka halihami lilipo, ingawa rangi yake yaweza kufifia. Ila hata hapo kuna vituko. Dada yangu alichukua mmoja wa wale watatu, miguu myeupe pee, baada ya miezi michache ikaanza kutoa vidoadoa kama mtu aliyekanyaga tope. Akanipigia simu akidhani ni ugonjwa wa ngozi. Ni rangi tu, huwa inachelewa kutoka.

Mbwa hawa ni wa Kuba, jina lao linatokana na Havana, na kahawia ya tumbaku ni miongoni mwa rangi zao za jadi. Kanuni za FCI, shirikisho la kimataifa la mbwa, zinasema weupe mtupu ni nadra, na zinataja rangi ya mchanga ya kila aina, nyeusi, kahawia ya tumbaku na kahawia nyekundu, pamoja na mabaka. Wamarekani wako huru zaidi kuhusu rangi. Baada ya mapinduzi ya 1959 ukoo huu karibu upotee. Miaka ya 1970 mfugaji wa Marekani, Dorothy Goodale, aliuanzisha upya kwa mbwa 11 waliotokana na familia zilizohama Kuba.

Kuna rangi moja ninayokataza waziwazi. Ukiletewa tangazo la Havanese "merle", yaani kijivu chenye mabaka yaliyochanikachanika kama marumaru, achana naye hata akiwa bei poa. Rangi hiyo si ya asili kwa mbwa hawa. Mara nyingi ni dalili kwamba kuna mbwa wa aina nyingine kwenye ukoo wake. Tena wakipandishwa wawili wenye rangi hiyo, baadhi ya watoto huzaliwa viziwi au vipofu.

Sasa vumbi letu. Kiangazi cha Dodoma, kuanzia Mei hadi mvua za Desemba, mbwa mweupe haipiti wiki miguu imekuwa rangi ya tofali la kuchoma. Mweusi naye jua linamchoma hadi anakuwa na wekundu wa kutu mgongoni. Usidhani rangi imebadilika. Gawa manyoya, utaikuta ya kweli chini. Mchane kwanza ndipo umwoshe, maana fundo likilowa linakaza na itabidi mkasi. Mimi mara moja nilichoka nikamnyoa hadi ngozi, wiki ile ile mgongo ukawa mwekundu kwa jua. Sasa namfupisha tu. Michirizi ya kahawia chini ya macho huonekana zaidi kwa wenye rangi nyepesi. Futa kila asubuhi kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, ikizidi mwone daktari wa mifugo. Rangi nyepesi ina faida moja: kupe anaonekana mapema. (Na kwa kuwa tupo Dodoma: zabibu usimpe, mbichi wala kavu. Zinaweza kuua figo za mbwa.)

Kuhusu kupotea, siku hizi nampiga picha kila baada ya miezi mitatu, mbele, ubavuni, na pua kwa karibu. Kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuwa imeandikwa "kahawia". Nilipoipeleka kwa afisa mifugo kurekebishwa, alimtazama mbwa, akaitazama kadi, akamtazama tena. "Huyu ndiye yule yule?" Nikamwonyesha picha kumi na mbili kwenye simu, moja baada ya nyingine, ndipo akakata neno la zamani na kuandika "krimu, ncha za masikio nyeusi, pua nyeusi".

Mzee jirani hajakubali hadi leo. Yeye anamwita Maziwa, na mbwa anaitika.