Unafuu wa Lisbon Hupimwa kwa Mshahara wa Nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafanya kazi kwa njia ya intaneti na kampuni ya nje hunilipa yuro 3,600 kwa mwezi. Rafiki zangu waliohamia Lisbon wananihakikishia kwamba maisha ya huko ni nafuu, ilhali nasoma kuwa wenyeji wameandamana kulalamikia kodi za nyumba. Nimwamini nani?

JIBU: Ndugu msomaji, waamini wote, kwa kuwa kila mmoja anaipima kodi ileile kwa kipato chake. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara nchini Ureno kilikuwa yuro 870, ambazo hulipwa mara 14 kwa mwaka. Ukizigawanya kwa miezi 12 unapata yuro 1,015 kwa mwezi, kabla ya kukatwa asilimia 11 ya hifadhi ya jamii. Viza ya wanaofanya kazi kwa mbali, iliyoanza kutolewa Oktoba 2022, humtaka mwombaji athibitishe kipato kisichopungua mara nne ya kima hicho, yaani yuro 3,480 kwa mwaka huo wa 2025. Wengi hushauri kwamba kodi isizidi theluthi ya kipato, na theluthi ya yuro 3,480 ni yuro 1,160. Naomba usiipite haraka hesabu hii: kiasi ambacho mgeni wa viza hiyo anaweza kukitoa kwa nyumba bila kujibana kinazidi mshahara mzima wa mtu anayelipwa kima cha chini kufagia ngazi za jengo atakalokaa. Mwenye nyumba akishajua hivyo, hana sababu ya kupanga bei kwa kumfikiria mfagizi.

Hata hivyo, si haki kumtwisha mgeni mzigo wote. Mwaka 2012 serikali ya Ureno ililegeza sheria iliyowalinda wapangaji, na mwaka huohuo ikaanza kutoa vibali vya ukaazi kwa wageni walionunua nyumba za kuanzia yuro 500,000. Katika mitaa ya kale kama Alfama, nyumba nyingi zikageuzwa kuwa za kulaza watalii, na nchi ambayo nyumba zake za umma ni takriban asilimia 2 tu ya nyumba zote haikuwa na mahali pa kuwapeleka wapangaji waliohamishwa. Njia ya kupata kibali kwa kununua nyumba ilifungwa mwaka 2023, lakini kodi zilikuwa zimeshapanda, na watumishi wengi wa jiji sasa huishi ng'ambo ya mto Tejo na kuvuka kila alfajiri kwenda kazini.

Ukiamua kwenda, na sikukatazi, usipange kwa miezi mingi nyumba iliyosajiliwa kwa ajili ya watalii. Tafuta mkataba wa kawaida wa mwaka mmoja au zaidi, na kabla ya kukubali bei uliza nyumba za jirani zinapangishwa kwa kiasi gani, badala ya kuilinganisha na kodi ya jiji unalotoka, kwani mgeni anayelipa bila kuuliza huwapandishia bei hata majirani ambao hatawahi kuwafahamu. Mtake mwenye nyumba ausajili mkataba huo katika ofisi ya kodi ya mapato, kama sheria inavyomlazimu. Akikataa, tafuta nyumba nyingine.