Ukiona "kama" usikimbilie tashbiha

Dogo, futa hiyo orodha. Unataka tukuwekee tamathali zote za semi (zile mbinu za kupamba lugha) ukariri kabla ya Jumatatu, tena tukwambie utangulizi wa uchambuzi unaanzaje. Mimi nilikuwa nazo 19 kichwani, kwa mpangilio, nazitaja hadi usingizini. Nikapata 4 kwenye 20.

Shairi lilimhusu mjane wa mvuvi. Sehemu moja anawaza kwamba kama mumewe angerudi, angempikia wali wa nazi. Sasa mwalimu wetu wa tuisheni alishatuapia: ukiona "kama", hiyo ni tashbiha, yaani kitu kinafananishwa na kingine, chukua maksi twende. Nikapiga mstari, nikaandika TASHBIHA kwa herufi kubwa, nikahamia ubeti unaofuata. Hebu niambie, nani kafananishwa na nini hapo? Mume na wali? Ile "kama" ni ya sharti, ungeweza kuweka "endapo" na maana isitikisike. Na ndiyo iliyobeba shairi zima: mama anajua harudi, ila bado anampangia chakula. Mimi nikairuka kama bodaboda kwenye tuta. (Hiyo ndiyo tashbiha. Mimi, bodaboda. Nimechelewa miaka kadhaa tu.)

Msahihishaji aliandika pembeni: "Kwa hiyo?" Basi. Jedwali nililojibia lilikuwa na jina na mfano, kazi ya tamathali yenyewe hakuna.

Na yule bwana wa tuisheni nilimlipa miezi mitatu, kijitabu chake nikanunua juu! Humo sitiari (kufananisha bila hiyo "kama") ni "Juma ni simba", mwisho wa maelezo. Simba kwa lipi? Ujasiri? Ukali? Mjomba wangu naye ni simba, ila wa ubwabwa wa shughuli. Bila kusoma mistari ya jirani hujui ni simba yupi.

Kwa hiyo jina la tamathali liandike mwisho. Chukua "Baba ametutoka". Anza kwa kusema msemaji anakwepa neno "kufa" kwa sababu watoto wamekaa hapo hapo wanamsikiliza. Halafu ndiyo uandike tafsida. Hata jina likikutoroka kwenye chumba cha mtihani, hoja unayo. Mimi nilibaki na majina matupu, kama karani wa sensa.

Bandika hapa ubeti mmoja wa shairi mlilopewa. Usitaje tamathali yoyote, andika tu unachokiona. Nipo hadi saa nne usiku.