Kitu cheusi "huvuta", "hunyonya" au "hufyonza" mwanga?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi, Mikindani. Niliwauliza wanafunzi kwa nini makaa ni meusi. Mmoja aliandika kwamba makaa yanavuta mwanga, mwingine kwamba yananyonya mwanga, na wa tatu kwamba rangi nyeusi inafyonza mwanga. Wote niliwapa alama, lakini moyo haukutulia. Kitenzi kipi ndicho sahihi?

Jibu: Mwalimu, umefanya vyema kutotulia, kwa sababu vitenzi hivyo vitatu havielezi tukio moja.

Kuvuta tukiondoe kwanza. Anayevuta hukileta kwake kitu kilicho mbali, kama mvuvi avutavyo wavu au sumaku ivutavyo msumari. Makaa hayafanyi hivyo. Mwanga wa jua huyafikia wenyewe, sawasawa na unavyoufikia ukuta uliopakwa chokaa ulio kando yake, na tofauti ya makaa na ukuta huanza baada ya mwanga kufika.

Kunyonya hakuna kosa la kisarufi, na wengi hukitumia. Hata hivyo, kitenzi hiki kina mdomo na jitihada ndani yake, kama vile mtoto anyonyapo, na tangu enzi za Azimio la Arusha la mwaka 1967 neno unyonyaji limebeba pia maana ya kula jasho la mwingine. Istilahi ya sayansi hainufaiki na mizigo hiyo.

Mimi nachagua kufyonza, na sababu yangu kubwa ni kwamba wanafunzi wako wanalijua tayari: chakula kilichosagwa hufyonzwa katika utumbo mwembamba. Chakula hicho hakikai humo kikiwa wali na samaki, bali hugeuka kuwa sehemu ya mwili. Mwanga nao ukishafyonzwa hauendelei kuwa mwanga, bali nishati yake hugeuka, kwa sehemu kubwa, kuwa joto, jambo ambalo mtu anayetembea pekupeku juu ya lami saa saba mchana halihitaji kufundishwa. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaopendelea kusharabu. Pamba iliyosharabu maji ukiikamua hukurudishia maji yaleyale, lakini makaa hayakamuliki mwanga.

Mwanafunzi wa tatu, basi, amepata kitenzi lakini amekosea kiima. Rangi nyeusi si kitu kinachokaa juu ya makaa na kufanya kazi ya kufyonza. Kinachofyonza ni maada yenyewe, yaani kaboni, na weusi ni jina tunaloyapa matokeo machoni mwetu. Mwanga tunaouona una mawimbi yenye urefu wa kati ya nanomita 400 na 700 hivi, kuanzia zambarau hadi nyekundu. Jani la mkorosho hufyonza sehemu kubwa ya nyekundu na ya buluu, likarudisha zaidi kijani, nasi tukaliita la kijani. Makaa hufyonza karibu mawimbi yote hayo, na kinachobaki kulifikia jicho ni kidogo mno. Sentensi iliyonyooka ni hii: "Makaa huonekana meusi kwa sababu hufyonza karibu mwanga wote unaoyaangukia." Neno "karibu" lisiachwe, kwa kuwa makaa bado hurudisha asilimia chache za mwanga. Hata Vantablack, maada ya mirija midogo mno ya kaboni iliyotangazwa Uingereza mwaka 2014, ilipimwa kufyonza asilimia 99.965, si 100.

Kuna kosa jingine ambalo hukulitaja, nalo ni kuulinganisha weusi na giza. Kiswahili kilikwisha kuvitenga: kitu huwa cheusi tii, bali giza huwa totoro, na hakuna anayebadilishana viambatani hivyo. Gizani mwanga haukufika, ilhali penye weusi ulifika usirudi. Ndiyo maana chungu chenye masizi kilichowekwa juani twakiona vizuri kabisa, umbo lake likichorwa na vitu vyenye nuru vilivyokizunguka.

Wanafunzi wa Mtwara wana mfano bora kuliko makaa, nao ni kinyago cha mpingo. Gogo la mpingo likikatwa, sehemu ya nje huwa ya manjano hafifu na kiini huwa cheusi, kwa kuwa kiini kimejaa kemikali zinazofyonza mwanga. Mchongaji akishapiga msasa na kupaka nta, kinyago hung'aa, na begani pake huonekana doa jeupe la mwanga. Je, weusi umepungua? La. Uso uliolainishwa umeuakisi mwanga kidogo kuelekea upande mmoja kabla haujaingia ndani, na ule ulioingia umefyonzwa kama kawaida. Kwa hiyo "kinang'aa" na "ni cheusi" ni maelezo ya matukio mawili yanayotokea pamoja katika kitu kimoja, na mwanafunzi anayeweza kuyaandika yote mawili bila kuona mgongano ameelewa kuakisi na kufyonza kwa pamoja. Huyo mpe alama zote. Yule aliyeandika "rangi nyeusi inafyonza" mpe nusu, umrudishie daftari aandike upya kiima.