Okidi ya kiatu isiyochanua: usiigawe tena

Dada wa Chake, umeuliza kwa nini okidi yako ya kiatu, Saint Swithin, haichanui. Miaka mitatu ya majani matupu kwa aina hii si ajabu. Ni mseto wa okidi mbili za kiatu za porini, rothschildianum ya Mlima Kinabalu kisiwani Borneo, na philippinense, upo tangu 1900, na tabia yake ni uzito wa kuchanua: kila chipukizi huchanua mara moja tu, tena likishakomaa. Ulipoigawa kumpa wifi yako ndipo ulipoirudisha nyuma. Iache ijae chungu.

Chini ya mwembe ni giza mno, isogeze ipate jua la asubuhi. Makumbi ya nazi yaroweke na kuyasuuza yatoke chumvi, changanya na makaa na vikokoto vya matumbawe, maana philippinense kwao huota hata kwenye mawe ya chokaa. Masika iweke chini ya paa. Maji yakituama katikati ya majani, moyo unaoza. Yangu moja ilikwenda hivyo, niligusa tu jani la kati likanibaki mkononi.

Ikichanua, maua matatu manne hufunguka pamoja kwenye bua moja, yana mistari kama kikoi na masharubu yananing'inia. Bibi yangu akiyaita makubadhi.